Furu wa Ghuba ya Mwanza: Kazi ya Frans Witte na Hesabu ya Marejeo

Katika elimu za sayansi makala ya mtaalamu hayapimwi kwa usahihi wake peke yake. Hupimwa pia kwa idadi ya wataalamu wengine wanaoyataja katika maandishi yao. Kutajwa huko huitwa hapa rejeo, na makala yaliyotajwa husemwa kuwa yamerejelewa. Desturi ya kutaja waliotangulia ni kongwe, wala wanachuoni wa pwani hawakuwa wageni nayo, maana elimu yao ilisimama juu ya kumtaja aliyepokewa habari kabla ya kuitoa habari yenyewe. Jambo jipya ni kuyahesabu marejeo na kuifanya hesabu hiyo kuwa kipimo cha heshima.

Hesabu ya namna hii ilianza kupata mfumo mwaka 1964, wakati Eugene Garfield wa Philadelphia, Marekani, alipoanza kuchapisha faharasa kubwa ya marejeo ya kisayansi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alitoa kipimo kiitwacho h. Maana yake ni nyepesi: mtaalamu mwenye kipimo cha 20 ni yule aliyeandika makala 20 ambayo kila moja limerejelewa mara 20 au zaidi. Makala moja mashuhuri halitoshi kukipandisha kipimo hicho, wala makala mia zisizosomwa na mtu hazitoshi.

Ili kufahamu kipimo cha namna hii chaweza kusema nini, na chanyamaza wapi, yafaa kutazama kazi moja iliyofanyika mahali pamoja kwa muda mrefu. Kazi hiyo ni uchunguzi wa samaki wa Ghuba ya Mwanza, kusini mwa Ziwa Victoria, uliofanywa na Frans Witte wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, pamoja na wenzake Waholanzi na Watanzania, tangu mwaka 1977 hadi kufa kwake mwaka 2013.

Samaki wenyewe na jina lao

Samaki waliochunguzwa ni wadogo, aghalabu wasiozidi urefu wa kiganja cha mkono, nao huitwa furu. Neno hili lisichanganywe na furu la pwani, yaani tunda la mfuru. Furu wa ziwani ni jina linalosikika kandokando ya ziwa upande wa Tanzania, na ndugu yake ni fulu wa Wajaluo. Upande wa Buganda samaki hao huitwa nkejje. Katika maandishi ya kitaalamu wengi wao huwekwa katika jenasi Haplochromis.

Mvuvi husema furu, naye huwa amewataja wote kwa pamoja. Mtaalamu husema kwamba katika Ziwa Victoria zimepata kuwako aina zipatazo 500 za furu, au spishi 500 kama wasemavyo wanabiolojia, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Ajabu haipo katika wingi huo tu, bali katika muda. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walichapisha ushahidi, uliotokana na matope yaliyochimbwa chini ya ziwa, kwamba ziwa lilikauka kabisa wakati wa ukame mkubwa wa zamani. Kwa hesabu za sasa ukame huo ulikwisha miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Ikiwa ziwa lilikuwa nchi kavu, basi mamia hayo ya aina yamegawanyika baada ya maji kurudi. Kwa viumbe wenye uti wa mgongo, mwendo wa haraka kiasi hicho ni nadra sana.

Mgawanyo wao ulikuwa hasa wa riziki. Walikuwapo furu waliokula matope na takataka za mimea, na waliochuja vijidudu vinavyoelea majini. Waliovunja konokono kwa mataya ya kooni, na waliokwangua kuvu la kijani juu ya mawe. Waliokula wadudu, kaa, uduvi, na hata samaki wengine. Walikuwapo waliong'oa magamba ya wenzao, na waliomlazimisha mama kutema mayai na watoto aliowahifadhi kinywani ili wawale. Kila kazi ilikuwa na umbo lake la kichwa, taya na meno. Mtaalamu P. H. Greenwood wa Makumbusho ya Uingereza, London, alitumia miaka mingi tangu kukaa kwake Jinja kuyaeleza maumbo hayo katika makala mfululizo, na juu ya msingi huo ndipo Waholanzi walipojenga.

Kiwanda na swali la kwanza

Kazi ya Mwanza haikuanza kwa ajili ya kuhofia sangara. Mwaka 1976 kilifunguliwa Mwanza kiwanda cha kusaga furu kuwa unga wa chakula cha kuku. Kiwanda kilihitaji samaki wengi kila siku, na mashua zenye mashine zilikwenda kuburuta nyavu chini ya ghuba. Hesabu za wakati huo zilionyesha kwamba furu walikuwa zaidi ya sehemu nne katika tano za uzito wa samaki wa chini ya ziwa, na ilidhaniwa kuwa hazina hiyo haina mwisho.

Swali lililoulizwa lilikuwa la kawaida: je, ni furu wangapi waweza kuvuliwa pasipo kuharibu asili yao? Ili kulijibu liliundwa kundi la uchunguzi lijulikanalo kwa herufi HEST, lenye makao Leiden na Mwanza. Upande wa Tanzania kazi ilishikamana na utafiti wa uvuvi wa Serikali, ambao tangu mwaka 1980 umo mikononi mwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI. Walichora mstari wa vituo vya uchunguzi kukata ghuba upande wa kaskazini, kuanzia Butimba, wakawa wanavua mahali pale pale, kwa nyavu zile zile, mwezi baada ya mwezi. Samaki walitengwa aina kwa aina, wakapimwa, wakapasuliwa matumbo ili chakula chao kijulikane, na kina cha maji kikaandikwa.

Kazi hiyo haikuwa na fahari. Makala ya Witte ya mwaka 1981, yaliyotoka katika jarida la elimu ya wanyama la Uholanzi, yalieleza nyakati za kuzaa, chakula na mahali pa kukaa pa furu wa ghuba. Mwaka 1985 yeye na Goudswaard walionyesha kwamba nyavu za kuburuta zilikuwa zimekwisha kuwapunguza furu, hasa aina kubwa za umbo. Lau mambo yangebaki hivyo, huenda kazi hiyo ingesomwa na wataalamu wachache wa uvuvi tu.

Sangara

Sangara, samaki mkubwa mla samaki, si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Jina lake Mwanza lafanana na sangala, jina la jamaa zake wa Ziwa Tanganyika. Wajaluo humwita mbuta. Alionekana Jinja mwaka 1960, na mwaka 1962 na 1963 akatiwa ziwani kwa amri, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Kusudi lilikuwa kuwageuza furu, walioonekana kuwa samaki duni wenye miiba mingi, kuwa nyama ya samaki mmoja mkubwa mwenye bei.

Mwaka ule ule wa 1960 Geoffrey Fryer, aliyekuwa katika shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki huko Jinja, alichapisha makala ya kuonya katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa hoja ya hesabu ya chakula. Mla nyama hawezi kutoa uzito sawa na uzito wa wale anaowala, maana katika kila ngazi ya ulaji sehemu kubwa hupotea. Na samaki wa asili wasiozoea adui wa namna hiyo wangeweza kuangamizwa. Makala hayo yalipata majibu ya kupinga, na samaki akatiwa ziwani. Hapa pana funzo la kwanza juu ya marejeo. Makala ya Fryer yamerejelewa mara nyingi katika miaka ya baadaye, lakini aghalabu na waandishi waliosimulia hasara iliyokwisha kupatikana. Hesabu ya marejeo haionyeshi tofauti kati ya onyo lililosikizwa na onyo lililokumbukwa baada ya msiba.

Kwa miaka ishirini hivi sangara hakuonekana kuwa na nguvu upande wa kusini. Kisha, kati ya mwaka 1983 na 1986, akajaa Ghuba ya Mwanza. Vituo vya uchunguzi vilivyokuwa vikitoa furu tele vikaanza kutoa sangara, dagaa na uduvi. Mwaka 1985 Barel na wenzake, Witte akiwa miongoni mwao, walitoa habari hiyo katika jarida Nature. Mwaka 1992 ndipo yalipotoka makala ambayo kwayo jina la Witte limeenea zaidi, aliyoyaandika pamoja na Goldschmidt, Wanink, van Oijen, Goudswaard, Witte-Maas na Bouton. Yalieleza kwa tarakimu kwamba, katika aina 123 na zaidi zilizokuwa zikivuliwa vituoni, zipatazo 80 hazikupatikana tena baada ya mwaka 1986. Kwa ziwa zima walikisia kwamba kiasi cha aina 200 zimetoweka au zimo hatarini kutoweka.

Makala hayo yamerejelewa mamia ya mara, na sababu yake yafaa ielezwe. Watu wengi waliona furu wakipungua. Wavuvi wa Mwanza na akina mama wauzao samaki waliliona jambo hilo kabla ya mtaalamu ye yote kuandika. Lakini ili kusema kwamba aina fulani imetoweka lazima kwanza iwe imejulikana kuwa ilikuwapo, mahali gani na kwa wingi gani. Kundi la Mwanza lilikuwa na daftari za miaka sita kabla ya mafuriko ya sangara, daftari zilizoandikwa kwa ajili ya swali jingine. Thamani ya kazi ya mwaka 1992 ilitokana na subira ya mwaka 1977, wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuirejelea.

Nuru ndani ya maji

Sangara hakuwa sababu pekee. Tangu siku za uchunguzi wa Michael Graham, mwaka 1927 na 1928, uangavu wa maji ya ziwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Mbolea, udongo na maji machafu yatokayo nchi kavu huyalisha magugu madogo yaeleayo, na maji huwa ya kijani na ya kiza. Jambo hilo likaleta tawi la pili la kazi ya Mwanza, ambalo limekaribiana sana na fizikia.

Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Witte walichapisha katika jarida Science makala juu ya nuru na uchaguzi wa wenzi. Furu wengi hukaa pamoja na waweza kuzaa pamoja. Kinachowatenganisha ni jike, ambaye huchagua dume kwa rangi. Dume wa aina moja huwa wa buluu, dume wa aina ya jirani huwa mwekundu. Katika maji ya kiza sehemu kubwa ya rangi za nuru humezwa, jike hushindwa kupambanua, na aina mbili huchanganyika zikawa moja. Katika maabara, wachunguzi walipowaweka samaki chini ya nuru ya rangi ya machungwa peke yake, majike waliacha kuchagua. Kwa hiyo aina yaweza kutoweka pasipo samaki hata mmoja kuliwa.

Mwaka 2008 Seehausen na wenzake, miongoni mwao Hillary Mrosso wa Mwanza, waliendelea mbele katika jarida Nature. Maji ya ziwa humeza nuru ya buluu upesi kuliko nyekundu. Kadiri mtu ashukavyo chini ndivyo nuru iliyobaki inavyoelekea wekundu. Katika visiwa vyenye maji ya uangavu wa kadiri, furu wa buluu hukaa karibu na uso wa maji, na furu mwekundu hukaa chini zaidi. Macho yao pia yametofautiana: chembe ya kupokea nuru ya yule wa juu hupokea vizuri zaidi nuru ya nanometa 544 hivi, na ya yule wa chini nanometa 559. Tofauti ni ndogo, ila yatosha kumfanya kila jike avutwe na dume anayeng'aa katika nuru ya makao yake. Huko Makobe, penye maji maangavu, aina mbili hizo zimepambanuka wazi. Huko Luanso, ndani ya ghuba penye maji ya kiza, mpambanuo huo haupo. Ni mara chache ambapo chanzo cha kugawanyika kwa viumbe kimeonekana wazi kiasi hicho, na makala hayo pia yamerejelewa sana, hata na watu wasiokuwa na haja na samaki.

Maneno ya ziwani katika Kilatini

Wanalugha wana sehemu yao katika habari hii. Aina inapoelezwa kwa mara ya kwanza hupewa jina la Kilatini, na jina hilo hufuatana na marejeo yote yajayo. Furu mwekundu aliyetajwa juu alielezwa mwaka 1985 na Witte-Maas na Witte, naye akaitwa nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, katika mwaka ule ule alioacha urais. Mwaka 1998 Seehausen na wenzake waliunda jenasi mpya na kuiita Pundamilia, kutokana na milia ya samaki hao, na mwenzake wa buluu akawa Pundamilia pundamilia. Jenasi nyingine iliitwa Mbipia, kutokana na mbipi, jina la wenyeji kwa furu wa miambani. Mwandishi Tijs Goldschmidt, aliyekuwa katika kundi la Mwanza, alieneza neno furu Ulaya kwa kitabu chake Darwins hofvijver cha mwaka 1994.

Hivyo Kiswahili na lugha za ziwani zimeingia katika daftari za dunia nzima. Lakini yapasa kupambanua mambo mawili. Neno limepata heshima. Mwenye neno hakuhesabiwa. Mvuvi aliyemwonyesha mtaalamu mwamba wakaapo mbipi, na aliyejua mwezi ambao furu fulani hukaribia ufukwe, hana mahali katika faharasa ya marejeo, kwa kuwa faharasa huhesabu maandishi, na tena yale ya majarida yaliyosajiliwa, ambayo mengi yao ni ya Kiingereza. Makala ya Kiswahili juu ya ziwa hilo hilo, hata yakiwa sahihi na yakasomwa na maafisa wote wa uvuvi wa Mwanza, Musoma na Bukoba, yangeweza kubaki na hesabu ya sifuri. Vitabu navyo hupungukiwa. Mwaka 1995 Witte na van Densen walihariri kitabu cha mwongozo kwa wachunguzi wa samaki wa Ziwa Victoria, kitabu cha kufunguliwa ndani ya mtumbwi. Kazi ya kitabu cha namna hiyo huonekana zaidi katika mafunzo ya vijana kuliko katika hesabu ya marejeo.

Furu waliorudi

Habari haikuishia katika hasara. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilipoongezeka na sangara akavuliwa kwa nguvu, baadhi ya furu wakaanza kuonekana tena katika ghuba. Mwaka 2003 Egid Katunzi wa TAFIRI, pamoja na Witte na wengine, waliandika juu ya furu mmoja aliyedhaniwa kupotea, ambaye zamani alikula vijidudu vieleavyo, lakini aliporudi alikuwa na riziki mpya. Mwaka 2008 Witte na wenzake walionyesha kwamba Haplochromis pyrrhocephalus alikuwa amebadilika umbo katika muda wa miongo miwili. Eneo la mashavu yake ya kupumulia lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya nusu, jambo lifaalo katika maji yaliyopungukiwa na hewa, na chakula chake kilikuwa kimekuwa cha wanyama wakubwa zaidi. Mabadiliko hayo yasingejulikana kamwe kama samaki wa miaka ya 1970 wasingalihifadhiwa ndani ya chupa, kila mmoja na tarehe yake na kituo chake.

Hapo ndipo maana ya marejeo inapobainika. Rejeo si sifa tu. Ni kamba inayomfunga mchunguzi wa leo na kipimo cha jana. Hesabu yake huonyesha ni wangapi wameishika kamba hiyo. Haionyeshi ni nani aliyesokota nyuzi za kwanza, wala ni onyo gani lililopuuzwa, wala ni lugha gani iliyotoa majina. Mambo hayo yahitaji kazi ya namna nyingine, na sehemu yake moja ni ya wanalugha: kukusanya majina ya furu yaliyo vinywani mwa wavuvi wazee wa Mwanza, Ukerewe na Sengerema, kila jina pamoja na samaki wake, mahali pake na tabia yake. Majina ya samaki ambao hawavuliwi tena hayana pa kujifunzwa ila kwa wale waliowavua, na wazee hao hupungua kila mwaka.